Sketi Iliyomtosha Kila Jumatatu

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Mbele kuna viuno, mabega na urefu wa mikono ya nusu ya mtaa huu. Mimi naanzia nyuma, kwa sababu mshauri wa binti yangu, tuliyeonana naye mara ya kwanza Ijumaa, ameniambia niandike. "Mama, kila swali unalotaka kumwuliza mtoto, liandike kwanza. Likikaa siku mbili na bado unaona ni la lazima, muulize." Tangu asubuhi nimeandika kumi na saba. La kwanza ni umekula. La kumi na saba pia ni umekula.

Anayeulizwa ni Bobini, ana miaka kumi na sita. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, maana alipokuwa anatambaa kazi yake ilikuwa kuviringisha bobini za nyuzi hadi chini ya kabati, na mimi kazi yangu ikawa kulala kifudifudi na kijiti nikizitoa. Mwezi wa pili aligoma kwenda shule siku tisa. Hakulia, hakugomba, alilala tu akiangalia ukuta. Tukampeleka hospitali. Daktari alimwuliza mambo ambayo nilitamani nizibe masikio, halafu akaandika sonona. Atakuwa anazungumza na mshauri kila Alhamisi saa kumi na nusu jioni, kwa miezi mitatu ya kuanzia.

Daktari alimwuliza kama kuna wakati anatamani asingekuwepo. Bobini aliangalia sakafu, akasema, "Wakati mwingine." Tukaambiwa dawa zote za nyumbani tuzifungie. Tumezifungia, na ufunguo ninao shingoni. Nina hofu. Leo nimeweka zipu moja kinyume mara tatu.

Alhamisi, 7 Machi

Benchi la nje ya chumba cha mshauri ni la mbao, limelegea mguu mmoja. Nimekaa dakika hamsini. Mlango wao haupitishi hata kikohozi.

Mshauri mwenyewe ni binti mdogo wa miwani, anayeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Pindo la sketi yake limeshonwa kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu. Nilijiuliza mtu asiyeona pindo lake mwenyewe ataona nini ndani ya mwanangu. Najua si haki, lakini ndivyo nilivyojiuliza.

Bobini akatoka. Sikuandika swali kwanza, lilinitoka.

"Mmeongea nini?"

"Vitu."

"Vitu gani?"

"Mama."

Tukarudi nyumbani hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imeanza. Kala nusu yai.

Jumapili, 10 Machi

Hili sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Septemba mwaka jana nilikuwa napiga pasi nguo zake za shule nikakuta pini mbili kiunoni mwa sketi. Zilikuwa pini zangu, zile za vichwa vyekundu. Mtoto alikuwa anajibana sketi isimdondoke njiani. Mama mwingine angemwita amwulize kulikoni. Mimi ni fundi. Nikatoa pini, nikafumua mkanda wa kiuno, nikapunguza nusu inchi, nikarudishia mkanda na marinda yake, nikapiga pasi, nikaitundika mlangoni. Kazi safi, huwezi kujua. Mwezi uliofuata ikaanza kumpwaya tena, nikapunguza tena. Kuna ukurasa wake huku mbele, wa arobaini na moja: ishirini na nane, ishirini na saba na nusu, ishirini na saba, unateremka hivyo mpaka ishirini na nne na nusu mwezi wa pili. Napima sketi. Yeye simpimi, angeshtuka.

Nilikuwa najiambia anarefuka. Nikajiambia mitihani. Shuleni sketi ilimkaa, tulipokwenda harusini kanisa la jirani gauni likamkaa, na kila aliyeuliza kama mtoto amekonda nilimwambia, "Mbona nguo zake ni zilezile?" Nilikuwa najivunia jibu hilo.

Leo mchana nimepunguza tena. Ishirini na nne. Nimekaa na ile sketi mapajani muda mrefu kabla ya kuitundika.

Jumatatu, 11 Machi

Sketi imemtosha. Amekwenda shule. Kaacha ganda la mkate.

Alhamisi, 14 Machi

Leo mshauri alituita wazazi wote wawili kwa dakika kumi, Bobini akabaki benchini. Mume wangu ni fundi umeme. Kutwa yuko juu ya ngazi, na akishuka anataka watu wacheke. Alipoingia tu akatazama taa ya dari iliyokuwa inapepesa, akasema, "Hii na yenyewe inahitaji ushauri." Mshauri alicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

"Mabadiliko mlianza kuyaona lini?" akauliza mshauri.

"Kwa kweli mimi sikuona," akasema mume wangu. Hapo hakuwa anatania tena. "Mama yake ndiye mwenye jicho."

Wakanigeukia. Nikasema, "Mwezi wa pili. Alipogoma shule."

Akaandika mwezi wa pili. Niliona kalamu yake ikiandika. Miezi sita nimeimeza pale mbele ya watu wawili, na nikashukuru nilipoulizwa swali jingine.

Mlangoni akaniambia kwamba mambo ya Bobini ni ya Bobini, hatanihadithia, isipokuwa akiona maisha yake yako hatarini. Nikasema naelewa. Sielewi. Nimembeba, nimemnyonyesha, na sasa mwenye pindo la uzi mweusi ndiye anayejua yaliyomo.

Jumanne, 19 Machi

Wifi kaja dukani na chupa ya maji ya kabichi. Nilikosea mwanzoni, nilipoulizwa sababu ya Bobini kukosa shule nikasema ana vidonda vya tumbo. Shuleni nilisema hivyohivyo. Sasa kila anayenifahamu ana dawa ya vidonda vya tumbo.

"Anywe asubuhi kabla ya kitu chochote," wifi akasema. "Na umkataze pilipili."

"Hali pilipili, wifi."

"Basi umwachishe hata kuifikiria."

Nimeyanywa mimi. Yananuka soksi.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua kubwa, benchi limelowa upande mmoja. Dakika kama ya thelathini kicheko kilipenya hata ule mlango. Cha Bobini. Nilikuwa sijakisikia tangu mwaka jana, kile cha kuanzia puani. Ningetakiwa kufurahi. Nilifurahi kidogo, halafu nikaona wivu, wivu kabisa wa kunichoma kifua. Nyumbani kwangu hacheki.

Jumatatu, 25 Machi

Sketi imemtosha. Mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Nimegombana na mume wangu. Kila asubuhi wanakaa yeye na Bobini kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wakipiga viatu rangi. Viatu haviwi safi zaidi ya vile, na mvua hii vitachafuka kabla ya kona. Hawaongei neno. Nikamwambia mtoto anaumwa, yeye anacheza na brashi. Nikamwambia hajawahi kumwuliza mtoto hata swali moja la maana tangu haya yaanze.

Akaniambia, "Wewe unauliza ya kutosha watu wawili."

Hatujasemezana tangu hapo. Nimeshona mashati manne ya sare ya hotelini, yote mikono ya kushoto imezidi.

Alhamisi, 4 Aprili

Alitoka macho mekundu. Niliandika maswali tisa, sikuuliza hata moja. Njiani akanishika mkono tulipovuka barabara, akauachia upande wa pili.

Ijumaa, 5 Aprili

Hakuamka. Hakwenda shule. Naandika nikiwa kwenye kiti cha chumbani kwake, na yeye ameuangalia ukuta.

Jumamosi, 6 Aprili

Hivyohivyo. Nilidhani ameanza kupona. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu kimyakimya. Nilimpigia mshauri simu. Akasema kurudi nyuma ni sehemu ya safari, akaniuliza kama yuko salama, nani yuko naye, dawa zimefungwa? Akaongea naye kwa simu robo saa. Baadaye Bobini akaoga.

Alhamisi, 11 Aprili

Amekwenda kwa mshauri. Kala yai zima.

Jumapili, 14 Aprili

Nimepunguza sketi. Ishirini na tatu na nusu. Nilijiapia mwezi uliopita kwamba ile ilikuwa ya mwisho. Lakini kesho ni shule, na ikimpwaya watamwangalia, wakimwangalia watauliza, na akiulizwa atavunjika. Ndivyo ninavyojieleza. Nikisoma niliyoandika naona anayeogopa kuulizwa ni nani.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo niliamka mapema kwa ajili ya gauni la bibi harusi, nikapita jikoni, mlango wa nyuma uko wazi nusu. Walikuwa wamekaa na viatu vyao. Bobini alikuwa ameegemeza kichwa begani kwa baba yake. Machozi yanamtiririka bila sauti, na mume wangu anaendelea kupiga brashi kiatu kilekile, polepole, asimtikise. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia kitu. Nilisimama na futi ya kupimia shingoni nikiona aibu kuwa mgeni nyumbani kwangu.

Baadaye nikamwuliza kwa nini hakuniambia kuwa huwa analia pale.

"Sijui kuongea naye, mke wangu. Najua kukaa tu. Nikikaa, wakati mwingine analia, wakati mwingine halii. Nikikuambia, ungekuja na wewe ukae, halafu ungemwuliza."

Nikamwomba radhi kwa yale ya brashi. Akasema nimpe chai ndiyo atajua kama nimemaanisha.

Alhamisi, 25 Aprili

Mshauri ametokea mlangoni na miwani imejaa ukungu, amelowa kama sisi. Nilimwambia alete ile sketi ya bluu nimtengenezee pindo. Akacheka. "Nilijua unaliangalia," akasema. "Nilishona mwenyewe, nikiwa na haraka ya kwenda kazini." Ana mtoto mdogo nyumbani, kumbe. Sijui kwa nini nilidhani anaishi mle chumbani.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua siku ya tano mfululizo. Uzi wote una unyevu, unakatika.

Jumatano, 8 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Shule inatoka saa tisa na nusu, na saa kumi na robo Bobini huwa amepita dukani kwangu. Saa kumi na nusu hajapita. Nikasema mvua. Saa kumi na moja kasoro nikaacha mteja na kitambaa chake mezani, nikamwambia nisamehe, nikatoka bila mwavuli.

Shuleni mlinzi akasema wote wametoka. Nikaenda kwa rafiki yake, yule mmoja aliyebaki. Akasema Bobini aliondoka kabla ya kipindi cha mwisho, alisema tumbo linamwuma. Mwalimu alimruhusu kwa sababu anajua ana vidonda vya tumbo. Uongo wangu ndio uliomfungulia mtoto geti.

Nikampigia mume wangu, hapokei, yuko juu ya ngazi. Nikaenda nyumbani. Kitanda kimetandikwa. Viatu vya shule havipo. Nikashika ufunguo shingoni, upo. Nikafungua kabati la dawa, zipo zote. Nikafungua tena kuhakikisha. Nikaenda stendi, nikaenda maktaba, nikaenda darajani. Sitaandika nilichofikiri nilipokuwa darajani nikiangalia yale maji. Nilikuwa nasema jina lake halisi kwa sauti na watu wananipisha.

Simu ikalia. Nilidhani ni mume wangu. Ni mshauri.

"Mama, Bobini yuko hapa. Yuko salama. Nilikuwa kwenye kikao ndani, nimetoka sasa hivi nikamkuta benchini."

"Leo si Alhamisi," nikasema. Katika yote ya kusema, hilo ndilo lililonitoka.

"Ndiyo. Si Alhamisi."

Nilikimbia. Nilimkuta amekaa upande mkavu wa benchi, begi mapajani, sketi imemkaa vizuri kabisa kiunoni. Alikuwa amekaa pale saa mbili. Nikapiga magoti kwenye yale maji nikamkumbatia miguu. Nilitaka kumgombeza, nilitaka kumla.

"Nilijisikia vibaya sana, mama," akasema. "Nikaogopa. Nikaja hapa."

Mshauri akanivuta pembeni, akaniambia jambo hili ni kubwa na zuri, kwamba katika saa mbaya mtoto alitafuta mtu. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nashukuru, nashukuru mpaka meno yanagongana. Lakini duka langu liko njiani. Ili afike kwenye lile benchi alipita mbele ya mlango wangu. Mimi nilikuwa ndani, nashona, akapita.

Alhamisi, 9 Mei

Leo tuliingia wote: mimi, mume wangu, Bobini. Mume wangu hakutania kuhusu taa, ingawa bado inapepesa.

Mshauri akamwuliza Bobini kama anataka kusema kitu kuhusu jana. Akatikisa kichwa kukataa. Mimi kimya hunishinda. Nilikuwa na daftari kwenye mkoba. Nikalitoa, nikafungua ukurasa wa arobaini na moja, nikaliweka mezani.

"Nilisema mwezi wa pili," nikasema. "Si kweli. Ni Septemba. Nimekuwa nikipunguza sketi yake. Kila ikimpwaya naipunguza, ili isionekane. Nilijua, nikaficha. Hata leo sketi aliyovaa nimeipunguza."

Mume wangu alichukua daftari akateremsha kidole kwenye namba, moja moja, kama anasoma mita. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nangoja Bobini ashtuke.

"Najua," akasema Bobini.

"Unajua nini?"

"Kuhusu sketi. Mimi ndiye naivaa, mama."

Alikuwa anaongea na magoti yake. "Zile pini niliziacha makusudi. Ningeweza kuzitoa kabla sijaiweka kwenye nguo za pasi. Nilitaka uzione. Jumatatu nikaivaa nikaona imenitosha, nikafurahi. Nikasema mama ameona, leo ataniuliza. Nikakusubiri. Ukaniuliza kama nimekula. Ukapunguza tena, nikasubiri tena. Kila siku umekula, umekula. Halafu nikaelewa. Nikasema, kumbe mama ameona, na hataki watu wengine waone. Kwa hiyo ninyamaze."

Mume wangu alikuwa amejifunika uso kwa daftari langu.

"Niliogopa," nikamwambia. "Niliona nikiuliza, litakuwa kweli."

"Lilikuwa kweli, mama."

Nililia, na Bobini akaniangalia nikilia, wala hakunibembeleza, na nadhani hakutakiwa kunibembeleza. Baada ya muda mshauri akaniuliza kama kuna swali lolote nimeliandika ambalo limekaa zaidi ya siku mbili. Lipo moja tu, la tangu Septemba, na wala sikuwahi kuliandika.

"Una nini, mwanangu?" nikauliza.

Alijibu. Jibu lake sitaliandika hapa, maana ni lake. Lilichukua dakika zote zilizobaki na kumi za ziada, na aliyekuwa anasubiri benchini alisubiri.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua imepungua. Nimemwambia wifi ukweli. Akasema, "Na kabichi zangu zote zile." Halafu akauliza aje lini akae naye.

Jumapili, 12 Mei

Mchana niliweka ubao wa pasi. Bobini alikuja akasimama mbele yangu, ameshika ile sketi.

"Mama, fumua."

Nikavuta futi kutoka shingoni, mazoea. Akarudi nyuma hatua moja. Nikaiweka futi chini.

"Nifumue ipi?"

"Yote. Mpaka ilivyokuwa mwanzo."

"Itakupwaya. Bado hujarudi mwili. Hata kwa mkanda itakupwaya."

"Ipwaye tu."

"Watakuangalia, Bobini."

"Ndiyo," akasema.

Nguo za watoto wa shule huwa sikati kitambaa kinachozidi, nakikunjia ndani, wakikua niachie. Kwa hiyo kitambaa chote kilikuwepo. Tulikaa chini tukafumua, mimi upande huu, yeye ule. Nilipita kwenye mishono ya Aprili, ya Machi, ya Februari. Hajui kushika kifumulio, alitoboa kitambaa mahali pawili, nikauma ulimi. Nilimwuliza anajisikiaje leo. Akasema vibaya, lakini si kama Jumatano. Nikatamani kumwuliza amekula. Sikumwuliza, na mpaka sasa sijui.

Jumatatu, 13 Mei

Ametoka nyumbani ameshika sketi kiunoni kwa mkono mmoja. Baba yake alitaka kumtobolea mkanda tundu jingine, akakataa. Nilisimama mlangoni mpaka alipokata kona. Kwa nyuma ndipo nilipoona alivyokwisha, jinsi yale marinda yalivyokuwa yananing'inia bila mtu ndani. Nilishika fremu ya mlango. Tangu Septemba nilikuwa sijamwona mwanangu alivyo.

Saa nne na dakika ishirini simu ikalia dukani. Mwalimu wa darasa. Akasalimia, akasitasita, akasema samahani kwa kuingilia, lakini leo amemwangalia Bobini akapata wasiwasi. Alidhani ni vile vidonda vya tumbo tu. Akaniuliza, "Mama, mtoto ana nini hasa?"

Mteja alikuwa amesimama mbele yangu mikono ameinua, futi imemzunguka kifua. Mkononi nilikuwa na pini, mdomoni nyingine mbili. Nikazitoa mdomoni, nikaziweka mezani.

Nikamwambia.